Kod wa Norway: Kinga yake yawapa wawekezaji hesabu mpya

Mwaka 2011 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Oslo walibainisha kuwa kod wa Atlantiki amepoteza jeni ya CD4, kipokezi kinachosaidia chembe za kinga kutambua vijidudu. Badala yake amejaliwa jeni nyingi zaidi za kundi jingine la kinga. Hivyo, chanjo iliyofaulu kwa samoni si dhamana kwa kod.

Norway ilifuga takriban tani 20,000 za kod mwaka 2010. Kisha biashara hiyo ikaporomoka kutokana na magonjwa, gharama kubwa na wingi wa kod wa kuvuliwa. Baadaye ilifufuliwa.

Kabla ya kununua hisa, mwekezaji aulize kwanza: vifo vizimbani ni asilimia ngapi?