MRI ndogo ya goti haioni nyonga

Ukisikia MRI, huenda unawaza ile mashine kubwa yenye tundu refu, ambamo mgonjwa husukumwa akiwa amelala chali huku ikigonga kama nyundo. Ipo nyingine ndogo. Hii unaingiza goti, kifundo cha mguu, kiwiko au kiganja tu, na mwili uliobaki unakaa nje. Kampuni ya Esaote ya Italia ilianza kuziuza miaka ya 1990, na huko Marekani zimeingia hadi kwenye ofisi za madaktari wa mifupa na wa baridi yabisi.

Kwa mzazi, raha yake ni dhahiri. Mtoto anayeogopa kufungiwa anamwona mama yake muda wote, na mara nyingi hahitaji dawa ya kulazwa usingizi ili atulie. Kama MRI yoyote, haina mionzi ya eksirei. Sumaku ya nyingi kati ya hizi ni dhaifu, takriban tesla 0.2 hadi 0.3, wakati mashine kubwa huwa na 1.5 au 3. Hata hivyo, kwa mgonjwa wa baridi yabisi inaweza kuonyesha mifupa ya vidole imeanza kulika kabla eksirei haijaonyesha kitu. Kwenye gegedu nyembamba, mashine kubwa bado iko mbele.

Tatizo ni kwamba inaona kile tu kilichoingizwa ndani yake. Chukua mtoto wa miaka 12 anayechechemea na kusema goti linauma. Goti linapigwa picha, linaonekana safi, anarudishwa nyumbani na dawa ya maumivu. Kumbe ugonjwa uko kwenye nyonga! Mishipa ya fahamu ya nyonga hufika pia gotini, kwa hiyo mtoto hasemi uongo; anaonyesha anapoumia kweli. Katika umri wa kubalehe, hasa kwa wenye uzito mkubwa, kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuteleza kutoka mahali pake. Kwa wadogo zaidi, wa miaka minne hadi minane hivi, damu inaweza kupungua kwenye kichwa hichohicho na mfupa ukaanza kufa. Nyonga haiingii kwenye mashine ndogo, na mara nyingi eksirei ya kawaida ya nyonga, ya bei nafuu, ndiyo ingetoa jibu.

Kwa hiyo kabla ya kulipia picha ya goti, muulize daktari bila woga: "Umempima na nyonga?" Kuizungusha nyonga kitandani huchukua dakika moja. Mtoto aliyeshindwa ghafla kukanyaga mguu abebwe, asitembezwe, na afike hospitali siku hiyohiyo.

Marekani waliona pia kwamba daktari mwenye mashine yake ana kishawishi cha kuitumia. Tangu 2011, anayempeleka mgonjwa wa Medicare, bima ya serikali ambayo wengi wa wanachama wake ni wazee, kwenye MRI yake mwenyewe lazima amweleze kwa maandishi kuwa anaweza kupimwa kwingine, na ampe orodha ya watoa huduma wengine walio karibu.

Wewe uliza nani atakayesoma picha: daktari huyohuyo, au mtaalamu wa radiolojia? Kisha omba nakala yake kwenye CD uondoke nayo, ili ukipewa rufaa usilipie upya.