Shinjuku: stesheni moja, wenye nyumba watano

Mgeni anayeshuka Shinjuku, jijini Tokyo, asione haya akipotea. Stesheni hiyo ina milango zaidi ya 200, mingi ikiwa chini ya ardhi, na kabla ya janga la Uviko-19 ilihudumia abiria zaidi ya milioni 3 kwa siku. Guinness imeiandika katika rekodi zake kuwa ndiyo yenye abiria wengi kuliko zote duniani. Ila hesabu hiyo ina jambo lake: anayeshuka treni ya kampuni moja na kupanda ya kampuni nyingine huhesabiwa na kampuni zote mbili.

Kwa kweli, Shinjuku ni stesheni tano zilizobanana chini ya jina moja.

Mwenye eneo kubwa ni JR East, kampuni iliyozaliwa mwaka 1987 shirika la reli la taifa lilipogawanywa. Jirani zake upande wa magharibi ni Odakyu na Keio, kampuni binafsi zinazobeba watu wa vitongoji vya kusini-magharibi na magharibi. Chini ya ardhi wapo Tokyo Metro na Toei, shirika la usafiri la serikali ya jiji. Kila mmoja ana majukwaa yake, mageti yake, wafanyakazi wake na nauli yake.

Mpangilio huu haukuchorwa na mtu mmoja. Stesheni ilipofunguliwa mwaka 1885, Shinjuku ilikuwa pembezoni mwa mji. Reli ya pili ilifika 1889, Keio ikaja 1915, Odakyu 1927, na treni ya kwanza ya chini ya ardhi 1959. Kila aliyekuja alijipenyeza palipobaki nafasi: ubavuni, na ubavu ulipojaa, chini.

Hata reli zenyewe hazilingani. JR na Odakyu hutumia upana wa milimita 1,067, ule ule wa TAZARA. Njia ya Marunouchi ya Tokyo Metro na njia ya Oedo ya Toei zina milimita 1,435, kama SGR za Kenya na Tanzania. Keio ina milimita 1,372, upana ilioufuata zamani ili ulingane na tramu za Tokyo. Wanaoijua Kidatu, ambako mzigo wa TAZARA huhamishwa ili uingie kwenye reli ya mita moja, wanajua tofauti ya sentimita chache inavyoweza kusimamisha safari.

Toei ilipotaka njia yake mpya iungane na ya Keio, mmoja alilazimika kumfuata mwenzake. Toei ikakubali kutandika njia yake ya Shinjuku kwa upana wa Keio, na tangu 1980 treni za kila upande huingia kwenye reli za mwenzake. Zikifika Shinjuku, dereva na kondakta wa kampuni moja hushuka, wa kampuni nyingine wakapanda. Abiria aliyesinzia kwenye kiti hana habari kwamba amevuka mpaka.

Lakini mfuko wake una habari. Kila kampuni hutoza nauli yake kuanzia kiwango cha chini, hivyo safari fupi ya kampuni mbili huweza kuzidi bei ya safari ndefu kidogo ya kampuni moja. Kilichopunguza usumbufu ni kadi. JR East ilianzisha Suica mwaka 2001. Mwaka 2007 kampuni binafsi na treni za chini ya ardhi zikaleta PASMO, na siku hiyo hiyo kila kadi ikaanza kukubaliwa kwenye mageti ya mwenzake. Abiria hugusisha kadi na kupita. Mgawanyo wa fedha wanaumaliza wenye mitambo.

Ushirikiano huo ulichelewa kumfikia mwenda kwa miguu. Kwa miaka mingi, mtu asiyesafiri aliyetaka kutoka upande wa mashariki kwenda magharibi alikuta mageti ya JR mbele yake. Ama azunguke, ama anunue tiketi ya kuingilia tu. Ni Julai 2020 ndipo mageti yaliposogezwa pembeni, ujia wa upana wa mita 25 ukabaki wazi kwa kila mtu.

Kwa hiyo anayepanga miadi Shinjuku asiseme tu "tukutane stesheni". Ataje kwanza kampuni, kisha jina la mlango, na ajipe dakika kadhaa za akiba.