Paka Mgeni Uani: Afanyiweje?

Hapa Kakamega, ambako katika miezi ya masika mvua hunyesha karibu kila alasiri, si ajabu kumkuta paka usiyemjua amejikunyata chini ya ghala la mahindi. Wako wamtupiao jiwe papo hapo wakisema ni mnyama wa wachawi. Wako pia wamwitao mwizi wa vifaranga. Shutuma ya pili yaweza kuwa na ukweli. Ya kwanza haina, wala haimfai mtu aliyekwenda shule.

Ghala ndilo lililomleta paka kwa wanadamu tangu zamani. Paka wote wa nyumbani ni wa uzao wa kimburu, paka wa mwituni, aliyefuata panya walioila nafaka ya wakulima wa kwanza wa Mashariki ya Kati. Mwaka 2004 wataalamu walieleza habari za kaburi lililofukuliwa katika kisiwa cha Kupro, ambamo mtu na paka walizikwa karibu karibu yapata miaka 9,500 iliyopita.

Basi mgeni huyu yafaa kwanza atazamwe kwa mbali. Paka aliyepotea kwao hulia, husogea mlangoni na kusimamisha mkia. Waulize majirani, huenda mwenyewe anamtafuta. Aliyekulia vichakani hukimbia na kujificha, naye hataki kuguswa. Wote wawili wawekewe maji safi na chakula kidogo mahali pamoja, saa ile ile kila siku. Watu wengi hukimbilia maziwa, kumbe paka wengi wakubwa huharishwa nayo. Omena waliochemshwa bila chumvi ni bora zaidi. Ugali peke yake haumtoshi, maana paka ni mla nyama kwa maumbile yake.

Akionekana mgonjwa, asipewe dawa za watu. Parasetamoli, ambayo sisi hutuliza kichwa, humwua paka hata kwa kidonge kimoja. Tena mwenye kutega sumu ya panya ghalani akumbuke kwamba panya aliyeila huenda akaliwa na paka, na sumu ile ikamdhuru yeye pia.

Lakini liko jambo kubwa kuliko hayo yote, nalo ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu ulithibitishwa nchini Kenya mwaka 1912, katika mbwa karibu na Nairobi, na mwaka 2014 serikali ilitoa mpango wa kuutokomeza kwa wanadamu ifikapo mwaka 2030. Mbwa ndiye auenezaye zaidi. Hata hivyo paka aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa huupata, na huweza kumwambukiza mtu. Kwa hiyo watoto wakatazwe kabisa kumshika paka mgeni, hasa atokwaye na udenda, ayumbaye, au arukiaye watu bila kuchokozwa. Huyo asipigwe wala asikamatwe. Ofisi ya mifugo ijulishwe upesi.

Mtu akiumwa au kukwaruzwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji mengi muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile akachanjwe. Asingoje kuona kama ataugua, kwani dalili zikisha kutokea, kupona ni nadra mno. Kupaka majani au mafuta juu ya jeraha si badala ya sindano.

Paka akikubali kukaa, achanjwe naye. Ikiwa ni jike afungwe kizazi mapema, kwa sababu aweza kushika mimba akiwa na umri wa miezi 4 tu, naye huchukua mimba kwa majuma 9 hivi. Dume naye ahasiwe, asije akawa shume wa kupigana usiku kucha. Kazi hiyo ni ya daktari wa mifugo, paka akiwa amelazwa kwa dawa. Si ya wembe wa nyumbani.