FEDHA ZA MATANGAZO ZINAPOINGIA MPIRANI



Katika mkutano wa tawi uliofanyika hapa Dabani, tulipokwisha kuzungumza habari za mishahara na mabuti ya shambani, mwanachama mmoja mkata miwa aliinuka akauliza jambo ambalo halikuwamo katika orodha ya mazungumzo. Mtoto wake wa miaka 16 anacheza mpira vizuri. Watu wawili wamekwisha kufika nyumbani kwake, mmoja kutoka shule ya upande wetu wa Uganda, wa pili kutoka ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya. Kila mmoja anasema mtoto atasomeshwa bure ikiwa atakubali kuichezea shule yake. Basi yule mzee akauliza: "Huyu mtoto wangu atakuwa mwanafunzi au kibarua?"

Watu walicheka. Lakini sisi viongozi tuliona kwamba swali lile ni swali la chama kabisa, tukaahidi kulijibu katika ukurasa huu. Kulijibu kunatulazimu kueleza kwanza jinsi fedha za matangazo zinavyoingia katika mpira, zinamfikia nani, na zinafanya nini kwa timu ndogo.

TIMU ZA VIWANDA

Jambo hili si geni kwetu. Kwa miaka mingi katika Afrika Mashariki viwanda na mashamba makubwa yalikuwa na timu zao. Kiwanda kilipotaka mshambulizi hakikusema kinanunua mchezaji. Kilimwandika kazi. Alipewa namba ya kazi na nyumba katika laini, na mchana aliruhusiwa kutoka mapema kwenda mazoezini. Kwa upande wake kiwanda kilipata jina. Kila timu ilipocheza, redio ilitaja sukari au bia ya kampuni bila kampuni kulipia tangazo. Klabu ya Kenya Breweries ilibadilisha hata jina ikaitwa Tusker, jina la bia yenyewe.

Mpango huo uliziinua timu ambazo zisingeinuka. Oserian, timu ya shamba la maua la Naivasha, ilitwaa ubingwa wa Kenya mara mbili mfululizo, mwaka 2001 na 2002. Mumias Sugar ilichukua kombe la taifa mwaka 1996 na 1999. SONY Sugar ya Awendo ilikuwa bingwa wa ligi mwaka 2006. Haya ni mashamba na viwanda mbali na Nairobi, na watu wake walikuwa wafanyakazi kama sisi.

Lakini timu iliyosimama juu ya kampuni moja huanguka pamoja na kampuni hiyo. Viwanda vya sukari vilipolemewa na madeni, timu ndizo zilizokatwa mapema. Kiwanda cha Mumias kiliwekwa chini ya msimamizi wa wadai Septemba 2019. Novemba mwaka huohuo SONY Sugar ilifukuzwa ligi kuu kwa kushindwa kufika uwanjani mara tatu, na msimu huo ulipokwisha Chemelil Sugar nayo ilishuka daraja. Yule mchezaji aliyekuwa ameandikwa kazi kwelikweli alibaki na madai yake kama mfanyakazi mwingine. Yule aliyeahidiwa kwa mdomo alibaki na viatu vyake.

MDHAMINI HUFUATA UMATI

Baada ya kampuni zenye timu walikuja wadhamini. Mdhamini hana timu. Yeye hulipa ili jina lake liandikwe kifuani mwa jezi. Na kwa kuwa anataka jina lisomwe na watu wengi, hupeleka fedha kule kwenye watu wengi tayari. Nchini Kenya kampuni ya kamari SportPesa ililipa ligi yenyewe, lakini tena ikalipa kwa mkataba wa pembeni klabu mbili zenye mashabiki wengi kuliko zote, Gor Mahia na AFC Leopards. Timu ya wilayani isiyo na umati haikuwa na wa kuipigia hodi.

Hapo ndipo usawa unapoharibika. Klabu yenye mdhamini humchukua mchezaji bora wa klabu isiyo na mdhamini, hushinda zaidi, hupata umati zaidi, na mwaka wa pili mdhamini huongeza. Aliye nacho huongezewa.

Hata hivyo tuseme kweli: fedha peke yake haichezi. AFC Leopards ilipata wadhamini wakubwa, lakini tangu ubingwa wake wa 1998 hadi msimu wa 2024-25 haikuupata tena. Na fedha ya mdhamini ni mgeni, haina kwao. Januari 2018 SportPesa ilifuta udhamini wake wote Kenya kwa sababu ya kodi. Ikarudi baadaye mwaka huo, kisha Septemba 2019 ikasimamisha biashara yake nchini. Klabu zile kubwa zilijikuta zikidaiwa mishahara na wachezaji wao. Ikiwa hata wakubwa waliyumba hivyo, mdogo atashika wapi?

YALIYOTOKEA MAREKANI

Nchi ambayo swali la yule mzee limebishaniwa kwa muda mrefu kuliko zote ni Marekani. Kule vyuo vikuu vina timu za mpira wao wa umbo la yai, unaoshikwa kwa mikono kama raga. Uwanja wa chuo cha Michigan peke yake unachukua watu zaidi ya 100,000. Fedha za viingilio na televisheni ni nyingi ajabu. Lakini kwa miaka mingi mchezaji alipata masomo, chakula na malala tu, na akipokea hata shilingi ya tangazo alifukuzwa.

Vyuo vilimwita "mwanafunzi-mwanamichezo". Neno hilo wafanyakazi yafaa tulijue lilikotoka. Mwaka 1955 kijana aitwaye Ray Dennison, aliyechezea chuo kimoja cha jimbo la Colorado, aliumia kichwa uwanjani akafa. Mjane wake akadai fidia kama mjane wa mfanyakazi aliyekufa kazini. Mwaka 1957 Mahakama Kuu ya jimbo ilimnyima. Walter Byers, aliyeongoza shirika la michezo ya vyuo, NCAA, tangu 1951 hadi 1987, alieleza baadaye katika kitabu chake cha 1995 kwamba neno hilo lilitungwa ili kukwepa madai ya fidia. Mnaona, ndugu: badilisha jina la mtu, na haki yake imepotea.

Mambo yaligeuka mwaka 2021. Mwezi Juni Mahakama Kuu ya Marekani, majaji wote tisa kwa kauli moja, iliamua kwamba NCAA haina ruhusa ya kuvunja sheria za ushindani wa biashara. Tarehe 1 Julai wachezaji wakaruhusiwa kulipwa na kampuni kwa matangazo ya jina na sura zao. Mwaka huohuo wakaruhusiwa kuhama chuo mara moja bila kukaa nje msimu mzima, na tangu 2024 wanaweza kuhama tena na tena wakiwa wanafaulu masomo.

Nia ilikuwa njema. Lakini matajiri wapenzi wa kila timu waliunda vikundi vya kuchanga fedha. Kijana akapewa malipo kwa jina la tangazo, na huenda tangazo lenyewe hakuna aliyeliona. Vijana wakaanza kuuliza chuo kinatoa kiasi gani kabla ya kuuliza kinafundisha nini. Chuo kidogo kikimlea mchezaji miaka miwili, kikubwa humvuta akiwa ameiva.

Lakini hapa pia fedha haikumpendelea mkubwa peke yake. Chuo cha Texas A&M kilikusanya mwaka 2022 vijana waliohesabiwa kuwa bora nchini nzima, na msimu huo kikashinda michezo 5 tu, kikapoteza 7. Chuo cha Indiana, kilichozoeleka kwa kufungwa, kilitumia ruhusa ya kuhama kukusanya wachezaji wa vyuo vingine. Kikashinda michezo 11 kati ya 12 ya kawaida mwaka 2024, na Desemba 2025 kikawa bingwa wa ligi yake kwa kuishinda Ohio State. Kwa hiyo mlango ulifunguka kwa baadhi ya waliokuwa nyuma, ila ni wale wenye fedha ya kuingilia.

Wengine waliachwa njiani. Mwaka 2024 vyuo 10 kati ya 12 vya ligi ya magharibi viliihama, vikifuata fedha za televisheni. Vikabaki viwili, kimoja wapo Washington State. Hicho ndicho chuo alichosoma Henry Rono wa Nandi, aliyevunja rekodi nne za dunia kwa siku 81 mwaka 1978 bila ruhusa ya kulipwa kwa jina lake. Na hata leo mwanariadha wetu aendaye kule kwa viza ya mwanafunzi amebanwa na sheria ya uhamiaji. Hawezi kufanya kazi ya matangazo kwa uhuru akiwa ndani ya nchi hiyo, ingawa mwenzake mwenyeji anaweza.

KIWANGO KILICHOWEKWA BILA MAPATANO

Juni 2025 mahakama ilikubali suluhu mpya. Vyuo vitalipa dola bilioni 2.8 hivi kwa waliocheza tangu 2016, na kila chuo kinaruhusiwa kuwalipa wachezaji wake moja kwa moja, mwisho dola milioni 20.5 kwa mwaka wa 2025-26. Kiwango hicho kinasemwa kuwa ni cha kuleta usawa. Lakini kumwambia tajiri na maskini wasipite milioni 20 hakumsaidii yule mwenye milioni mbili.

Tazameni tofauti na ligi yao ya watu wazima, NFL. Kule wachezaji wana chama. Baada ya mapatano ya 1993, kiwango cha juu cha mishahara kilianza 1994 kwa makubaliano ya chama na wenye timu. Fedha za televisheni ya taifa hugawanywa sawa kwa timu zote 32, na timu iliyoshika mkia ndiyo hutangulia kuchagua wachezaji wapya. Usawa ule haukuletwa na huruma ya wadhamini. Uliletwa mezani.

Wachezaji wa vyuo wamejaribu kufika meza hiyo. Wale wa Northwestern walipiga kura ya chama mwaka 2014, lakini mwaka 2015 bodi ya kazi ilikataa kulishughulikia shauri lao na kura hazikuhesabiwa. Wale wa mpira wa kikapu wa Dartmouth walikubali chama kwa kura 13 dhidi ya 2 Machi 2024, na mwisho wa mwaka huo ombi likaondolewa. Wakati huohuo kocha wa Texas A&M, Jimbo Fisher, alipoachishwa kazi Novemba 2023, mkataba wake ulimpa haki ya kulipwa zaidi ya dola milioni 75. Kocha alikuwa na karatasi, na wachezaji wake walikuwa na neno "mwanafunzi".

JIBU LETU

Sasa turudi kwa mzee wetu. Mpira wa shule nao una fedha za matangazo. Kwa miaka mingi mashindano ya shule za sekondari Uganda yaliitwa Copa Coca-Cola, jina la soda. Shule inayoshinda hupata sifa, na sifa huleta wanafunzi wenye karo. Kwa hiyo mtoto anayefunga mabao anaileta faida shuleni, hata kama hakuna anayemwita kibarua. Hatusemi akatae. Kusomeshwa ni jambo kubwa kwa mtoto wa mkata miwa. Tunasema hivi:

1. Ahadi iandikwe. Ni karo peke yake, au pamoja na chakula, sare, nauli na ada ya mtihani? Ni kwa miaka mingapi?

2. Iandikwe kwamba mtoto akivunjika mguu, au akiachwa katika timu, atasomeshwa mpaka mtihani wa mwisho, na nani atalipa hospitali.

3. Asikubali kubadilishiwa jina wala umri. Cheti cha kuzaliwa kibaki nyumbani. Shule ipewe nakala.

4. Asiweke sahihi kwa wakala anayedai sehemu ya fedha za mbeleni.

5. Ninyi mnaochezea timu ya kazini, hakikisheni mpira umetajwa katika mkataba. Matawi yadai katika mapatano kwamba anayeumia akiichezea kampuni ahesabiwe ameumia kazini. Tusingoje awepo mjane.

6. Wenye klabu ndogo wadai ligi igawe sawa sehemu ya fedha ya mdhamini kwa timu zote. Wachezaji wa kulipwa nao wawe na chama chao, kama wenzao wa Kenya walivyo na KEFWA.

Yule mwanachama aliwarudia wageni wake wawili, akamwomba kila mmoja aandike alichokisema. Mpaka tunapoandika haya, mmoja ameleta barua yenye mhuri wa shule, nasi tumeisoma pamoja naye na kumwomba aongeze habari za hospitali. Wa pili hajarudi.

Mwenye karatasi ya namna hii ailete tawini kabla ya kuweka sahihi.