Arubuni ya Nyumba Isiyopangishwa

Ukaribiapo mwezi wa Disemba, shule zikafungwa na watu wa bara wakaitamani bahari, huwafika baadhi yao msiba ambao aghalabu hausimuliwi kwa haya: mtu na ahali zake huteremka Diani na mizigo yao, wakabisha hodi katika nyumba waliyokwisha kuilipia, na mwenyewe akatoka kuwaambia kwamba hakupata kuipangisha, wala hamjui huyo aliyepokea fedha zao.

Laghai hakuwa na nyumba. Alinakili picha za nyumba ya watu, akazitia katika ukurasa wa Facebook, akataja bei nafuu kuliko za jirani, ila si nafuu hata ikazua shaka. Ajapo mteja humjibu upesi na kwa adabu, kisha humkabili na hoja moja, kwamba wako wengine wanaoitaka nyumba hiyohiyo siku hizohizo, na kwamba arubuni ya nusu ya kodi, ikitumwa sasa hivi kwa M-Pesa, itaizuia.

Nionavyo mimi, nguvu ya hila hii haimo katika picha bali katika njia ya fedha. Kampuni kama Airbnb, iunganishayo wageni na wenye nyumba mtandaoni, hukaa na malipo ya mgeni kama amana, na kwa kawaida huyaachilia yapata saa 24 baada ya yeye kuingia. Ndiyo maana laghai aliyejipenyeza humo humsihi mteja watoke wakaelewane kwa WhatsApp, ati waepuke ada. Zikisha kutumwa moja kwa moja kwa simu, fedha hazina tena mwamuzi. Ombi la kurudishiwa, litumwalo Safaricom, wenye M-Pesa, kwa namba 456, hufaa iwapo bado hazijatolewa, naye laghai huzitoa papo hapo. Kenya inayo sheria ya uhalifu wa mtandao tangu mwaka 2018, lakini sheria humwandama mkosaji baada ya mali kupotea.

Basi, msomaji, kabla ya kutuma hata shilingi, mtake mwenye nyumba akupigie simu ya video akiwa mlangoni pake, zitafute picha zake kwa Google uone zilikotoka, na ukiwa na jamaa Ukunda, karibu na Diani, umwombe aende akaitazame. Nawe uliyekwisha kudhulumiwa, nenda kituo cha polisi leo na ujumbe wa malipo mkononi, ukaandikiwe namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio.