Geji za Land Rover kuukuu: pima kabla ya kununua

SUMBAWANGA: Wenye Land Rover Series III, zilizotengenezwa 1971 hadi 1985, wasikimbilie kununua geji mpya. Geji za mafuta na joto za gari hilo hulishwa na kifaa kimoja kidogo nyuma ya dashibodi, kinachoshusha umeme wa volti 12 hadi 10. Zote mbili zikidanganya pamoja, kagua kwanza kifaa hicho na waya wake wa ethi. Ikidanganya moja tu, kagua floti ya tangi au sensa ya joto, kisha waya wake. Anayeagiza Mbeya au Dar es Salaam atume kifaa kibovu kiwe sampuli. Geji ya joto isicheleweshwe: injini ikichemsha mlimani kutoka bonde la Rukwa, faida ya mpunga huishia gereji.