Uchovu wa Mitandao: Tumo Nyumbani, Lakini Hatupo

Swala ya Isha imekwisha, vyombo vimeondolewa, na familia imekaa sebuleni. Baba anajibu salamu katika kundi la ukoo. Mama anafuatilia michango ya harusi katika kundi jingine. Binti anatazama picha za wenzake waliokwenda matembezini. Hakuna aliyegombana na mwenziwe, wala hakuna anayezungumza. Saa tano usiku kila mmoja anakwenda kulala akiwa amechoka, na akiulizwa ni kazi gani iliyomchosha, hana la kutaja.

Uchovu huu ni wa kweli. Gazeti husomwa likaisha, lakini mitandao ya kijamii haina ukurasa wa mwisho. Kwa dakika chache tu tunapokea habari ya msiba, mzaha, ugomvi wa watu tusiowajua, na nyumba mpya ya rafiki. Moyo unatakiwa ulie, ucheke, ukasirike na kutamani, bila ya kupewa nafasi ya kutulia. Usingizi hupungua, hasira huwa karibu, na maisha yetu wenyewe huanza kuonekana duni.

Mtume (s.a.w.) alituusia tuwatazame walio chini yetu na si walio juu yetu, ili tusizidharau neema za Mwenyezi Mungu. Simu hutugeuza shingo: hutuonyesha walio juu, tena katika saa yao iliyo nzuri kuliko zote.

Mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, nchini Marekani, walichapisha matokeo ya utafiti uliowahusisha wanafunzi 143. Waliopunguza matumizi ya Facebook, Instagram na Snapchat hadi dakika 10 kwa siku kwa kila mtandao, kwa muda wa wiki tatu, walipungukiwa na upweke na dalili za sonona kuliko wenzao walioendelea kama kawaida. Tuzingatie kwamba hawakuacha kabisa, waliwekewa mpaka.

Funzo hilo linatufaa, kwani wengi wetu tunaona kuwa kujitoa katika kundi la ukoo ni kukata udugu. Lakini kuunga udugu si kujibu kila ujumbe. Shangazi tunayemtumia picha za maua kila asubuhi huenda hajaisikia sauti yetu tangu Idi iliyopita. Kumpigia simu mara moja, au kumtembelea, kutamfaa yeye na kutatupumzisha sisi.

Basi tuzime milio ya makundi na kuubakiza wa simu za kupigwa, kwa kuwa mwenye jambo la haraka hupiga. Baina ya Magharibi na Isha simu ziwekwe kando, na usiku zilale sebuleni. Wazazi tutangulie, kwani mtoto hufuata anachokiona kuliko anachoambiwa. Na ikiwa huzuni ya mmoja wetu inaendelea kwa wiki kadhaa, au usingizi na hamu ya chakula vimemtoka, tumpeleke kwa daktari. Kuugua moyo si upungufu wa imani.

Usiku wa leo, tumuulize binti yetu siku yake ilikwendaje. Kisha tusubiri jibu, mikono yetu ikiwa mitupu.